Mlango wa Zizi kwenye Kitabu cha Neema

Nyasura, Bunda

Baba Neema, mume wangu,

Uko salama huko Bukima? Kifua kimeachia? Ng'ombe mwekundu kazaa? Mimi mwili mzima, ila kukaa hapa kunanikondesha. Nakuandikia kwa sababu simu huiwezi, ukisema haloo mara tatu unakata.

Nikishafua, nikafagia, nikapika, saa nne tu kazi imeisha. Nakaa mlangoni. Hapa watu wanapitaga tu, hakuna anayeuliza umeamkaje. Neema akirudi kufundisha anakula kidogo, "asante mama," kisha anainamia kitabu chake cha mafumbo. Tangu yule mchumba wake aoe kwingine, ndiyo maneno yote ninayopata. Nilikuja kumliwaza, sasa tumekuwa wapweke wawili nyumba moja.

Nikasema, basi nitamfuata humohumo kitabuni. Nikamuuliza fumbo linachezwaje. Akanieleza mara moja, haraka, kama anafukuza kuku. Ni nukta zimepangwa kama mashimo ya pamba yaliyopimwa kwa kamba, na katikati kuna namba. Penye tatu, kile chumba cha nukta nne kinazungushiwa mistari mitatu. Penye sifuri hupigi hata mmoja. Mistari yote iungane iwe mzunguko mmoja, isikatizane. Akienda shuleni nachora, nafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Lakini unanijua, darasa la nne ndiyo, kichwa hiki si cha mchezo. Siku ya sita nikamaliza! Nyasura nzima hakuna mama mwingine anayeweza, na nimeuliza.

Nikamwekea mezani, pembeni ya ugali na kamongo. Akaangalia.

"Mama, hapa umeacha wazi."

"Ni mlango."

"Mlango wa nini?"

"Wa zizi. Umezungusha miba yote hiyo, ng'ombe watapita wapi?"

Baba Neema, mtoto alicheka! Akacheka ameshika meza, halafu akalia, nikamwacha alie. Kisha akauliza, "Yule mwekundu bado anasukumaga lile tawi la mlangoni?" Tukaongea mpaka ugali ukapoa. Hata jina la yule kijana akalitaja mwenyewe.

Jana karudi na penseli mpya. "Hii ya kwako, mama." Mwalimu wa hesabu huyo, ambaye walimu wanaume wanamfuata awaelekeze! Watangazie huko.

Kwa hiyo sirudi bado. Mchana ungali mrefu, na jioni ndiyo nakukumbuka zaidi, saa zile unapopigia ng'ombe kelele waingie. Ila shule zikifungwa tunakuja wote wawili, kasema mwenyewe.

Nisalimie mama mkwe, mwambie mjukuu wake anakula sasa. Na shemeji mvuvi, sato wake nimewakosa.

Zizi usilihamishe mlango. Neema anataka aukute palepale.

Mkeo, mwenye penseli yake,
Mama Neema