Remorki ya Mama Mukwe

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Mvua ya kwanza ya kweli. Imeanza asubuhi, imepiga mpaka saa nane. Hema ya remorki imevuja juu ya kitanda ya Mama, pale pale pa kichwa! Lucie, muke wangu, ametoa blanketi ya mama yake, amekamua maji kama nguo ya kufua. Na Mama anakohoa. Anasema ni vumbi. Vumbi gani na mvua hii?

Remorki, ya kukokotwa na gari, ni ile bazungu baliacha ku hoteli, wakati nilikuwa dereva wa pale. Balitoka nayo Afrika Kusini, ekseli ikavunjika Kamanyola, bakapanda ndege bakaenda kwao. Boss akanipa. Ukiifunga ni sanduku ya chini yenye mapine mbili. Ukiifungua, hema inapanda juu, vitanda inatoka kushoto na kuume. Ilikaa mu parseli, kiwanja yetu, bure, kuku ikitagia chini yake. Kisha mama mukwe wangu akakimbia vita kwao Bunyakiri, akafika hapa na mufuko moja. Na mama mukwe halali chini ya paa ya mukwe wake. Kwao haiwezekani kabisa. Alisema hata tumuue — alisema kwa Lucie, si kwangu. Akalala pa baraza, na baridi ya Bukavu, mwenye kifua kibovu vile. Kesho yake nikafungua remorki. Akaizunguka, akagusa hema na kidole, akasema: hii si nyumba, hii ni nguo. Akaingia.

Sasa nguo imeoza. Nimeamua. Nitaiwekea kuta ya nguvu: mbao, zile nyembamba za triplex, bati ya manjanja juu, mulango yenye kufuli. Atalala kama mutu.

Jumapili, 14 Septemba

Nyuma ya misa nimeambia Lucie. Akauliza kama nimeuliza Mama. Nikasema zawadi haiulizwi. Akasema shona tu pale imepasuka, ongeza turubai juu, imetosha. Nishone! Mimi Bisimwa, nitie viraka mbele ya bajirani, baseme mama mukwe wangu ni wa viraka? Lucie akanyamaza. Na Lucie akinyamaza, ujue amesema.

Magaribi, kama kila siku, nikaweka kiti pa pahali yangu, mugongo ku hema. Yeye ndani, mimi nje. Hatuonani macho, hatupeani mukono, kwa hiyo hakuna haya. Tunaongea tu. Leo ameniambia vile marehemu bwana yake alirudi nyumbani anajisifu ameua chui kwa muchi. Kijiji yote ikacheza ngoma. Asubuhi chui ikaonekana ilikuwa imbwa ya padiri. Nimecheka mpaka nikatoka machozi, na yeye pia nilimusikia anacheka, na kukohoa, na kucheka tena. Mama yangu mwenyewe hakuniongelesha hivi hata siku moja. Alikuwa mutu wa fimbo na sala.

Nitamujengea pahali pazuri. Anastahili.

Jumatano, 17 Septemba

Nimetoa hema. Visi, ile misumari ya kuzungusha, imeshikwa na kutu, nimeangaika nayo tangu asubuhi. Mama alikuwa anaangalia toka mulango ya jiko. Kwa sasa analala mule jikoni. Jiko iko nje, ni ya banamuke, hiyo anaikubali. Matela yake ya kulalia na blanketi nimeviacha mu remorki, chini ya nailoni, kwa sababu jikoni moshi itavinukisha. Nikamwambia, macho chini: Mama, nakujengea nyumba ya kweli. Akasema: aksanti, Papa Josué, ananiita na jina ya mutoto wetu. Polepole. Niliona ni furaha.

Maman Bijou, jirani yetu mwenye kuuza samaki ya sambaza ku soko ya Kadutu, akapita na kuuliza kama ile nguo tunaitupa. Nikamupa. Ameikata pale pale na kisu, vipande ya kubeba ku kichwa. Lucie amefika kidogo baadaye. Ameangalia remorki iko uchi, kisha akauliza hema iko wapi. Nimemuambia asinililie nguo yenye kuoza.

Jumamosi, 20 Septemba

Kuta imesimama! Triplex mbili-mbili, katikati nimejaza frigolite, ile povu nyeupe ya kukauka, ya kuzuia baridi. Kila pahali kole, gundi ya nguvu, na visi juu ya kole. Sikuacha hata tundu ya kupitisha sindano. Bantu ba avenue yetu banakuja kuangalia, banagonga na ngumi, banatikisa kichwa kwa kushangaa. Mumoja amesema hata tetemeko haitaigusa. Sikukataa.

Saa sita Mama ametuma chakula namna yake: ameweka sahani ya sombe juu ya jiwe, amefunika, amerudi jikoni. Akishaingia njo mimi naenda kukamata. Sombe ilikuwa na mafuta ya kutosha. Mukono yangu iko na malengelenge, lakini leo siwezi kulalamika.

Alhamisi, 25 Septemba

Mama amelala mu nyumba yake tangu jana. Manjanja iko juu, rangi ya kijani, mulango inafunga muzuri. Mvua imepiga usiku yote na hakuna tone moja imeingia. Kikohozi hatujakisikia.

Hatujasikia kitu yoyote. Njo nataka kuandika.

Magaribi nimeweka kiti, mugongo ku ukuta. Nikasema: Mama, habari ya leo? Kimya. Nikapandisha sauti. Kimya. Nikajua yeye pia labda iko anaongea mule ndani, na mimi sisikii. Frigolite! Nimeziba baridi, nimeziba na mama. Kugonga mulango? Mukwe agonge mulango ya mama mukwe wake, magaribi, mbele ya bantu? Afazali nilale na aibu yangu. Nimekaa pale kama mulinzi wa banki, kisha nikachukua kiti yangu nikaingia. Lucie ameniangalia tu.

Nitamutobolea dirisha. Dirisha ndogo, yenye pazia. Ni kazi ya siku moja.

Jumamosi, 27 Septemba

Ee Mungu.

Niandike kama ilivyokuwa. Lucie aliniambia kitanda inalia Mama akigeuka, nikaona nianze nayo kabla ya dirisha. Asubuhi Mama akaenda soko kutafuta mboga ya lengalenga. Nikaingia na mbao, nikatoa kitanda ya zamani, nikapiga ingine ya kushikana na ukuta. Nikarudisha matela. Nikataka kujua kama inalia. Sasa, kitanda unaipima na nini? Unailalia. Tangu nianze kazi ya mbao mu maisha yangu, kitanda naipima na mugongo yangu. Sikufikiri. Naapa, sikufikiri hata kidogo. Nikavua viatu nisichafue, nikajilaza, nikageuka kushoto, nikageuka kuume. Haikulia. Mvua ndogo ikaanza ku manjanja. Nilikuwa nimeamuka mapema sana siku hizi zote.

Nikalala.

Mukwe. Ku kitanda ya mama mukwe. Ku matela yake, na blanketi yake chini ya kichwa!

Nilipoamuka mulango ilikuwa wazi. Pa kizingiti lengalenga ilikuwa imemwangika yote, na kitunga pembeni. Nje hakuna mutu. Nikatoka bila viatu. Lucie alikuwa amesimama mu mvua mbele ya jiko, mikono ku kichwa, namna bantu banasimama ku kilio. Akaniambia Mama alifungua mulango, akaniona, akafunika uso na kitenge, akarudi kinyumenyume mpaka jikoni. Iko jikoni, amegeukia ukuta.

Mimi ni mutoto wa kijiji ya Miti, nimekomaa hapa mujini, lakini hii kila mutu anaijua. Hata mulevi anaijua. Kiti ya mama mukwe haukalii, mu sahani anakulia yeye hauli. Kosa ya kitanda haina hata jina.

Jumapili, 28 Septemba

Ameenda. Tonton Patrice, mudogo wake, amekuja kumuchukua na pikipiki, amemupeleka kwake Miti. Nilijificha ndani ya nyumba ili asinione. Nimesikia pikipiki tu.

Lucie haniongeleshi. Anaweka chakula, anaenda.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimepeleka mbuzi Miti, ya kusafisha kosa. Jike, mweupe, bila kilema. Patrice alinieleza vile inapaswa. Nimesimama nayo pa barabara, mvua inaninyeshea, kwa kuwa sina ruhusa ya kuingia mu parseli. Patrice akawa anaenda ndani na kurudi na maneno. Mutu wa miaka yangu, nimeshika kamba ya mbuzi mbele ya batoto ba shule! Sawa. Nilistahili.

Mbuzi imepokelewa. Patrice amesema mimi niko safi, hakuna neno kati yetu, Mama hana hasira, tena amesema nisikonde. Nikauliza: basi atarudi? Patrice akaangalia chini. Akasema mimi niko safi, lakini pahali haiko safi. Pale mukwe amelala, mama mukwe hawezi kulala tena. Akasema kama ingekuwa ingali hema, ingekuwa mambo ndogo: tungechoma ile nguo, tungetundika ingine, angerudi magaribi ile ile. Nguo inabadilishwa. Nyumba utaibadilisha namna gani?

Hakunisema vibaya. Aliongea polepole, kama na mugonjwa.

Nimerudi na miguu karibu nusu ya njia, sikutaka mutu anione mu gari. Lucie aliniambia uliza Mama. Neno moja: uliza. Ingenichukua nini? Nilitaka bajirani bagonge ukuta na ngumi na kutikisa kichwa. Njo ukweli. Kuta nilijenga ya kwangu, si ya Mama. Yeye alikuwa na nguo yake na mugongo yangu nje, na ilimutosha. Na mimi pia ilinitosha. Najuta mpaka chakula haipiti.

Ijumaa, 3 Oktoba

Patrice ametelefoni kwa Lucie. Mama amepata nafasi mu kamyo ya kwenda Bunyakiri, kesho. Anasema anaenda kuangalia mihogo yake. Mihogo! Kule bado bunduki inalia, na hata kama ingenyamaza, ile barabara ya pori na kifua yake... Anasema kwa Patrice hawezi kukaa, nyumba imejaa, batoto banalala chini kwa sababu yake. Lucie amemuomba abaki, amelia ku simu. Mama amesema: mwanangu, mutu anazeeka ku pahali yake.

Nimeenda kwa Maman Bijou. Vipande ya hema yetu imetundikwa juu ya meza yake, imejaa misumari na harufu ya samaki. Hata mimi sikuweza kumuomba airudishe. Nimenunua turubai mpya, ya kijivu, nzito. Nimeiweka pa baraza. Lucie ameiona, ameikunja vizuri zaidi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimeanza kubomoa tangu kumepambazuka. Naandika nikipumuzika, karatasi inalowana.

Haitoki. Visi inatoka, kole haitoki. Nimetia patasi, triplex inapasuka vipande-vipande na ukuta ingali imesimama. Nimetumia nyundo, nimetumia chuma ya gari. Nilifanya kazi nzuri, shetani anichukue! Ukuta moja imeanguka, ile ya upande wa jiko. Frigolite imejaa parseli yote, kuku inaikula. Bajirani banaangalia toka madirishani, na leo hakuna mutu anatikisa kichwa. Mumoja tu amepiga kelele toka juu: Papa Josué, kuna nini? Nimemuambia kuna mvua.

Lucie ametoka na koti yangu. Amesimama pale anaangalia. Kisha akasema, neno lake la kwanza tangu juma lote: anza na kitanda, utoe kitanda kwanza. Alisema kweli. Tumeibeba pamoja, mimi kichwani yeye miguuni, tumeiweka nyuma ya choo. Matela tumeitia moto chini ya manjanja, ikakataa kuwaka, ikatoa moshi tu. Tumesimama nayo pale, macho inatuwasha. Amesema nimekuwa mujinga sana. Nikasema ndiyo. Akanipa koti.

Saa tano Patrice ametelefoni. Kamyo imeanza kupakia pa njia panda ya Miti, Mama iko pembeni yake na mufuko. Lucie akamuambia aseme kwa Mama kwamba Papa Josué anabomoa, atakuta hema magaribi hii. Patrice akasema subiri. Nikasikia mahoni, bantu, mbuzi. Lucie akaweka simu juu ya manjanja iliyoanguka, sauti yake akaifungua yote, na akaenda kuegemea jiko. Alinigeuzia mugongo, aniachie nafasi.

Sijawahi kuongea na Mama ku simu. Sikujua kama inaruhusiwa. Nikageukia ukuta.

Mama akasema: Papa Josué, ile kelele niliisikia ni ya nini?

Nikasema: niko nabomoa, Mama.

Unabomoa nini?

Nyumba yako, Mama.

Kamyo ikapiga honi, mutu akaita basafiri bapande. Nikataka kusema yote: mugongo, kitanda, najuta, rudi. Kinywa ikajaa maji ya mvua. Nikasema tu: turubai iko, Mama, ni mpya.

Akakohoa. Kile kikohozi. Kisha akasema: usibomoe mu mvua, utagonjwa.

Na simu ikakatika. Sijui ni reseau ya simu, sijui ni yeye. Tumepiga, Patrice hashiki. Tumepiga tena. Lucie amevaa viatu, amesimama pa portail, geti yetu, anaangalia barabara ya upande wa Miti. Mvua haijapunguka. Nimeshika nyundo na sijui, mama huyu amenikataza ao amenihurumia. Kuta tatu ingali imesimama.

Narudi kupiga ukuta. Lucie ameinua mukono juu, sijui ameona pikipiki ya Patrice ao anataka niache.