Utulivu wa Kaka Nasser

Jumanne, 2 Septemba
Kaka Nasser katulia. Tangu abadilishiwe vidonge hagombani na redio, wala hawahutubii wateja dukani. Jirani Nurdin kaulizia dawa hiyo, ampe mkewe.
Jumapili akina Hudhaifa wanaleta posa. Baba hayupo duniani, kwa hiyo kaka ndiye walii wangu: akae mbele ya wazee, aseme "tumekubali". Wakiona akili haiko sawa, neno linahamia kwa baba mdogo Mohammed. Huyo ananitaka kwa mwanawe. Mwanawe!

Alhamisi, 4 Septemba
Kaka kashindwa kupanda ngazi za dukani. Anasema mapaja yanauma kama kabeba magunia. Hajabeba hata kijiko. Mkojo rangi ya kahawa. Bimkubwa kasema ni joto tu, anywe maji.

Ijumaa, 5 Septemba
Nimempeleka kwa Dokta Maliha, Temeke. Kamsikiliza kifua, kisha akarudia — utani wote ukamwisha. Kasema kuna watu dawa hizi zinawala misuli, na moyo nao ni msuli. Kachukua damu, majibu atanipigia. Vidonge basi, kuanzia leo.
Bimkubwa kanijibu, "Mpaka Jumapili tu, mwanangu."
Nikamwachia pakiti ya vidonge. Nilikuwa namuwaza mtoto wa baba mdogo.

Jumamosi, 6 Septemba
Bimkubwa kampa viwili badala ya kimoja. Nimeona. Kaka kalala mchana kutwa, anahema kama katoka mbio.

Jumapili, 7 Septemba
Wako sebuleni. Mie na bimkubwa nyuma ya pazia, anayeposwa haonekani. Naandika nisije nikapiga kelele.
Kaka kavalishwa kanzu, kapendeza. Mzee mmoja kasema, "Mashallah, kijana mtulivu. Siku hizi hawapo." Hapo hapo kikombe kikamponyoka, kahawa yote kwenye kanzu. Wakatazama pembeni. Watu wa adabu.
Kaulizwa mara ya pili. Wanadhani anawapima — wameanza kumsifia Hudhaifa upya.
Dokta kapiga. Misuli inavunjika, inaziba figo, moyo umevimba. "Mlete sasa hivi. Hata nguo asibadilishe."
Nikamnong'oneza bimkubwa. Akanibana mkono: "Neno moja tu, Khulud. Alitoe, halafu twende."
Midomo ya kaka imekuwa majivu. Inacheza. Wazee wameinama wamsikie. Yeye hawatazami, anatazama pazia.
Nimeita Bajaji. Dereva yuko nje, kanipigia, anauliza natoka au sitoki.