Hatua Kumi na Mbili za Njia ya Ng'ombe

Merigi, 4 Machi 2024

Kaka Kimeli,

Chamge, kwa salamu ya kwetu. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Kedowa, na magoti ya Mama yamepata nafuu. Huku mvua imeanza, majani ya chai yanachipuka kwa wingi kuliko mikono ya kuyachuna. Simu zako sishiki. Sababu unaijua, na miaka tisa haijaifuta.

Nakuandikia kama mwenyekiti wa kamati ya mipango ya mji. Cheka ukimaliza kusoma. Tumezunguka Merigi kwa miguu Jumamosi mbili, mlango kwa mlango, kisha tukauchora mji kwa chaki kwenye sakafu ya kanisa. Kila mtu alipewa punje tatu za mahindi aziweke pale anapotaka kazi ianzie. Watu 212, punje 636. Punje 341 ziliwekwa mahali pamoja: ile njia ya zamani ya ng'ombe kushuka chemchemi. Ile uliyoifunga kwa ukuta na vyumba vinne vya kupangisha. Kwa sababu yako wanawake wanazunguka na mitungi kando ya lami, na Januari pikipiki ilimvunja mguu Priscillah muuza mboga.

Mimi ndiye niliyepeleka ndama wa Baba chemchemi tangu nikiwa na miaka sita. Upana wa njia ulikuwa hatua kumi na mbili, ua hadi ua. Tisa ziko ndani ya ukuta wako.

Nilipoomba ile nusu eka ya majani ya chini, ulisimama mbele ya ukoo ukasema msichana hana cha kuhesabu katika shamba la baba yake. Mama aliangalia chini. Sasa nimehesabu. Nataka Mama ajue kwamba mzee alizaa watoto wawili.

Dada yako,
Chepchumba


Kedowa, 19 Machi 2024

Dada,

Salamu zimefika. Mama hajambo, anakula vizuri, anauliza habari za mvua ya Merigi. Habari zako hajauliza.

Kwa hivyo siku hizi mji unapangwa kwa punje za mahindi. Mfunge mlango wa kanisa basi, kuku akiingia atakula mpango wote.

Wewe huna haja na chemchemi. Una bomba kwenye ploti yako. Unachotaka ni ukuta wangu uanguke, na umetafuta watu 212 wa kukusaidia kuusukuma. Lakini umesahau jambo moja. Hiyo njia unayoitaja, mbele zaidi, inapita pia kwenye stoo yako ya mbao. Nimepiga hesabu kichwani, hata mimi nilisoma: umekula hatua tano. Mbona hizo hukuziandika?

Basi nikuambie kitu na ukisome kwa kamati yako. Siku utakayobomoa stoo hiyo kwa mkono wako, mimi Kimeli nitatoa hatua zangu zote tisa bila kesi na bila fidia. Barua hii iwe shahidi. Nakujua, Chepchumba. Ulianza na toroli moja ya misumari. Hutavunja hata ubao mmoja.

Kaka yako,
Kimeli


Merigi, 28 Machi 2024

Kaka,

U mzima? Sisi ni wazima, ila mikono ina malengelenge.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumamosi saa moja asubuhi fundi Mageto alikuwa juu ya mabati. Ubao wa kwanza niling'oa mwenyewe, kwa kuwa uliandika kwa mkono wako, na mimi ni mtu wa kufuata maandishi. Kufikia saa kumi hatua zote tano zilikuwa wazi. Aliyeniuzia ploti alinionyesha kigingi cha mpaka kisicho sahihi, nami nilikaa kimya kwa sababu kilinifaa. Hilo nimelisema kwa kamati. Mbao zangu zimelala nje zikinyeshewa, na mikanda ya saipresi, zile mbao nyembamba, inapinda ukiitazama.

Jumatano kulikuwa na baraza. Chifu alikuwepo, wazee wa ukoo wetu walikuwepo, wale wale. Niliomba nisome barua ya ndugu yangu. Niliisoma yote, na ya kuku pia. Watu walicheka sana hapo. Nilipofika "bila kesi na bila fidia" walisogea karibu. Kisha Mzee Kimutai, yule aliyenikatiza miaka tisa iliyopita, akauliza, "Hii sahihi ni ya Kimeli kweli?" Ikapitishwa mkono kwa mkono. Wakakubali ni yako.

Huenda unajiuliza kwa nini sishiki simu. Ningeshika, ungesema maneno hayo hayo na leo ungekana.

Wapangaji wako wamepewa hadi tarehe nne Mei. Kamati imewatafutia vyumba, usiwahofie.

Dada yako,
Chepchumba


Kedowa, 9 Aprili 2024

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu sana. Habari ya afya, habari ya biashara? Mbao umezifunika?

Tulikuwa na hasira sote wawili. Mtu akiandika kwa hasira hashikwi kwa kila neno, hasa na damu yake. Vile vyumba ndivyo ninavyotegemea uzeeni, na ukubwa wa familia yangu unaujua.

Nimefikiri hivi. Ile nusu eka ya majani ya chini nitakupa. Nitaiandika, nitatia sahihi, utachuna mwezi ujao. Wewe uambie kamati kwamba ulihesabu kwa miguu ya mtoto, kwamba njia ilikuwa hatua saba. Saba zinatosha ng'ombe na mitungi. Ukuta wangu utaguswa kidogo tu, vyumba vibaki.

Jambo hili liwe letu wawili. Hata Mama asijue.

Kaka yako akupendaye,
Kimeli


Merigi, 20 Aprili 2024

Kaka,

Sijambo, na mbao nimezifunika, asante kwa kuuliza baada ya mvua ya wiki mbili.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya pili niliitamani hiyo nusu eka, sitakuficha. Kuna michai huko niliyoipanda nikiwa darasa la sita. Lakini mimi niliiomba mbele ya ukoo mzima, na wewe unanipa ndani ya bahasha. Kaa nayo. Njia ni hatua kumi na mbili.

Barua hii ya pili sitaisoma barazani. Nimekutafutia heshima kubwa zaidi. Jumamosi ya tarehe 18 Mei njia inafunguliwa, na kamati imechonga kibao. Maneno nimeyachagua mimi: "Ardhi hii imetolewa kwa wananchi na Bwana Kimeli, kwa hiari yake." Jina langu sikuliweka, mwenyekiti hajishukuru. Utakuja na suti. Utapewa kipaza sauti. Watoto wa shule watakuimbia, akina mama watakupigia vigelegele, na kila atakayekushika mkono utamwambia karibu. Maisha yako yote, ukipita Merigi, utashukuriwa kwa kitu ulichong'olewa mkononi, nawe utatabasamu.

Mlete na Mama. Nataka awepo.

Dada yako,
Chepchumba


Kedowa, 20 Mei 2024

Dada,

Tulifika salama. Mama hajambo, ila safari ilimchosha.

Nilikuona. Uliketi nyuma kabisa, karibu na masufuria ya chai, ukinitazama nikishukuriwa. Nilisema karibu mara nyingi mpaka midomo ikakauka. Priscillah alinibusu mkono, na magongo yake kwapani. Umeshinda, na sikatai.

Mama alisomewa kibao mara mbili. Alitembea njia yote hadi chemchemi akiwa amenishika, akawa analia. Ndani ya gari akaniambia, "Mwanangu, leo umekuwa kama baba yako." Kisha tulipopita Bomet akauliza, "Na Chepchumba, yeye alitoa nini?"

Nilikuwa na zaidi ya saa mbili za barabara za kumjibu. Nilimwonyesha mashamba ya chai, nikamwambia mvua ya mwaka huu imefanya kazi.

Kaka yako,
Kimeli