Kiini cha Mzee Mpira

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila siku hizi usingizi umenipaa, na sababu yake ndiyo inayonifanya nikuandikie. Goti lako linaendeleaje? Kaka ameniambia umeanza tena kupanda ngazi na ndoo mkononi. Nilimwambia akunyang'anye, akanijibu nije nijaribu mwenyewe. Nimechagua barua kwa sababu kwenye simu huniuliza kama nimekula, nikisema ndiyo unaridhika na kukata.

Kazi yetu unaijua, ingawa jirani yako fundi cherehani bado anauliza tunatumia futi gani kupima kitu ambacho hata hadubini haikioni. Mwambie hatuna futi. Tunachukua kipande cha chuma kilichofuliwa kikawa chembamba kuliko karatasi, tunakirushia elektroni kwa kasi kubwa, kisha tunaangalia zinavyotawanyika. Kwa namna zinavyotawanyika tunajua kiini kilicho katikati ya atomu kina ukubwa gani, na kama ni mviringo au kimevutika. Ni kama kujua umbo la jiwe kwa kutazama maji ya bomba yanavyoruka juu yake.

Sasa, profesa wetu. Wanafunzi humwita Mzee Mpira, kwa sababu tangu aanze kazi amefundisha kwamba kiini cha chuma hiki ni mviringo kama mpira. Vitabu vyake vinasema hivyo. Ndiye aliyenipokea nilipofika hapa sijui hata kuunganisha waya. Siku niliyounguza kifaa cha kunasia elektroni, alisimama mlangoni mpaka nikakitengeneza mwenyewe, halafu akaniletea chai. Mkewe hunifungia chakula kila nikiwatembelea, eti nimekonda. Wamenilea, Mama, na ninawapenda.

Sisi wapimaji tuna desturi moja. Mtu akishajua jibu analolitaka, mkono humteleza, akarekebisha hapa na pale mpaka alipate, tena bila hata kujijua. Kwa hiyo mmoja wetu huteuliwa kuchagua namba ya siri, akaiingiza kwenye kompyuta, ikaongezwa kwenye jibu. Wengine wanafanya hesabu zote bila kuliona jibu halisi. Siku ya kufungua, yule mmoja huitaja namba yake mbele ya watu, inatolewa, na kinachobaki hakiguswi tena. Kikiwa sifuri, kiini hakijavutika, ni mviringo. Kikizidi, kimevutika. Mzee Mpira aliniteua mimi, na kichwa kilinivimba wiki nzima.

Kikanywea siku wenzangu walipobandika mchoro wa jibu lao ukutani, pale juu ya birika la chai. Sikukusudia, lakini hesabu ya kutoa namba yangu ilikuja yenyewe. Kiini hakikuwa mviringo hata kidogo. Kilikuwa kirefu kama yai. Na Mzee alikuwa anastaafu, siku ya kufungua ndiyo ilipangwa kuwa ya kumuaga, na mkewe alishaalikwa. Nikajikaza kisabuni. Kila siku nilikunywa naye chai, huku akinieleza atakavyowacheka wale waliombishia.

Hapa ndipo pa kuungama. Namba ile nilikuwa nayo peke yangu, hata kompyuta haikuiweka mahali pa kuonekana. Ningetaja nyingine, jibu lingetoka sifuri, Mzee angeagwa kwa vigelegele, na nani angejua? Asubuhi ya siku yenyewe niliandika namba ya uongo kwenye kiganja changu, nikaingia ukumbini nimekunja ngumi. Mama, nilikuwa nimeshaamua.

Nikaitwa mbele. Mzee alikuwa amekaa safu ya kwanza, ananitazama kwa imani kabisa, nami nikakukumbuka wewe. Nilikumbuka nyumba yetu imejaa watu, shangazi na wajomba wote wakiniambia Baba amesafiri, atarudi na viatu vyangu vipya. Wewe ukafuta mikono, ukaketi sakafuni ili uso wako uwe sawa na wangu, ukaniambia Baba amekufa na hatarudi. Nilikupiga ngumi za kifua, nikakuita mwongo, na hukunizuia. Siku nyingi sikutaka hata unichane nywele.

Nikataja namba ya kweli.

Ikatolewa, na kilichobaki hakikuwa sifuri. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akainuka, akachora yai kubwa ubaoni, akatangaza kwamba wote aliowafundisha warudi shule, na yeye awe wa kwanza kwenye foleni. Watu wakacheka, mkewe akalia, sherehe ikaendelea.

Baadaye alinifuata nikiosha vikombe, akaniuliza kama nilikuwa najua. Nilisema ndiyo, nikamfungulia kiganja. Wino ulikuwa umechuja kwa jasho lakini ulisomeka. Alikishika, akakisoma. Alisema kwamba kwa miaka kadhaa amekuwa na shaka, na kwamba wote wanaompenda wangemficha, ndiyo maana alitafuta mmoja atakayemwambia. Akauliza ni nani aliyenilea hivyo.

Nikamwambia ni wewe. Na hapo nikagundua sijawahi kukushukuru. Wale wengine walinipenda pia, lakini nilipojua walinidanganya sikuwauliza tena jambo la maana. Tangu siku ile, nikitaka kujua kitu, huja kwako. Ulikuwa umefiwa na mumeo, una haki ya kujifungia chumbani ulie, ukaja kukaa na mimi sakafuni. Asante, Mama. Asante sana.

Mzee na mkewe wanataka kukuona, nami nitawaleta likizo. Msalimie Kaka, mwambie ndoo nitaijaribu. Msalimie na fundi.

Tena, nikija, kuna jambo nataka nikuulize, maana miaka yote hii halikunijia akilini: siku ile, wewe ulipewa habari na nani, na je, alikaa nawe?

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba