Fundo la Waya Ulilofunga Kwenye Lori

Baba Bukuru,

Sikusalimii. Kwanza nikugombeze, salamu utazipata mwisho kama zitabaki. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi hizi hizi ulizosema zinatembea kama kuku aliyefungwa mguu. Cheka. Huku sina mwingine wa kunicheka.

Lori lako lilikataa kupanda Kalinzi.

Mwanao Bukuru alipakia dagaa Kibirizi asubuhi, akapita hapa Gungu, na mimi nikajua kuna jambo kwa sababu sikusikia mluzi. Ule mluzi wa tabo, kile kifaa kinachoipulizia injini hewa, gari likikazana kwenye mwinuko wa nyuma ya nyumba. Miaka yote hukuwahi kunipigia simu kwamba unafika. Nikisikia mluzi nateleka maji ya ugali, na ukivua viatu mlangoni, mimi naepua.

Siku hiyo gari lilipita kimya, moshi mweusi nyuma kama tanuri la matofali. Mlimani likaishiwa nguvu kabisa. Akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani wakalipita kwa miguu, wakamwambia Bukuru, "Dereva, tukusaidie kubeba?" Akarudi na dagaa wake na hasira zake. Akaniambia, "Mama, gari limezeeka. Kuna mtu Kasulu analitaka. Tuliuze kabla maharage hayajavunwa."

Nikamwambia akamuuze mama mkwe wake.

Sikukataa kwa ajili ya biashara, unanijua. Lori likienda, mimi nitateleka maji kwa kusikia nini?

Nikamwita fundi Minani, yule uliyekuwa ukimwita Bwana Polepole. Nilimwambia ni mafuta mabaya ya kwenye madumu, na muuza mafuta nilikuwa nimeshamtukana. Bure. Minani akatazama chujio la hewa, safi. Akapaka maji ya sabuni kwenye mipira ya hewa huku Bukuru anakanyaga mafuta, aone kama kuna povu. Hakuna. Mwisho akalala chini ubavuni mwa injini, akagusa kikopo cha bati kilichokaa kando ya tabo, chenye kijiti cha chuma. Wenyewe wanakiita akchueta. Alinieleza hivi: kwenye njia ya moshi kuna kimlango. Kikifungwa, moshi unasukuma tabo na gari linapata pumzi. Presha ikizidi, kijiti kinakifungua kidogo, kama mimi ninavyosogeza kifuniko chungu kisifurike. Akapuliza kwa pampu. Kijiti hakikusogea. Upepo ukatokea pembeni, fyuu. Kiwambo cha ndani kimechanika, springi imeliwa na kutu, kimlango kinaning'inia wazi na moshi wote unapita bure.

Halafu akasema, "Sasa nani kafunga ujinga huu?"

Nikainama. Waya. Ulikuwa umezungushwa kwenye kijiti, umeungua, umekatika upande mmoja, lakini fundo zima. Fundo lile la nyavu ulilotoka nalo ujanani kwako Kibirizi, ncha imekunjwa ndani. Ulianza kuikunja siku ile waya wa banda la kuku ulipochana kanga yangu, nikakusema mpaka majirani wakatoka nje. Tangu hapo hukuacha ncha nje tena. Hata huko chini ya gari, mahali ambapo kanga yangu haitafika kamwe.

Nikamwambia Minani, "Aliyefunga ujinga huo amelala Ujiji. Chunga mdomo." Akavua kofia.

Lakini ni ujinga kweli, Baba Bukuru! Minani anasema ulikaza kimlango kwa huo waya kisifunguke kabisa. Gari likapata nguvu, ndiyo, ila presha haina pa kutokea, na siku yoyote injini ingepasuka ukiwa mlimani. Na mimi nilikuuliza. Nilikuuliza mbona gari lilikuwa hoi, sasa limepata mluzi mkali hivi? Ukanijibu, "Zima kabisa, Mama Bukuru." Na kifua chako ulikisemea hivyo hivyo. Unakohoa, umeshika ukuta, eti "Mzima kabisa." Hukumwambia mtu. Mtu gani wewe?

Nilikuwa nakutania kwamba ukifa nitakufunga sanda kwa waya. Sikucheka siku ilipofika.

Kikopo kipya kikaja kwa basi kutoka Dar. Minani akasema lazima akate waya, na mimi nikakalia boksi la vifaa vyake. Nilikaa, mtu mwenye wajukuu. Humu ndani mafundo yako yanalegea moja moja, la mpini wa sufuria, la mguu wa kitanda, la antena ya redio. Bukuru akaniambia taratibu, "Mama, ama fundo ama gari." Nikamtazama, pua ni yako, hata haya hana. Nikanyanyuka. Nikamwambia Minani akate mbali na fundo, akiligusa namkata yeye.

Akafungua boliti mbili, akachomoa kipini, akaweka kipya. Akapuliza, kijiti kikatoka, kikarudi. Akakaza nati yake kidogo, akapuliza. Akalegeza, akapuliza. Polepole ni jina lake la haki.

Jana Bukuru amepanda Kalinzi, akarudi na maharage. Mluzi niliusikia tangu chini ya mwinuko. Si wako. Huu mwembamba, hauna ule ukali. Lakini mikono yangu ilikwisha kuteleka maji. Ugali ukaiva, na samaki wako migebuka ndani ya mawese. Bukuru akapunguza mwendo pale nje, akapiga honi: "Mama, mzima?" Nikampungia mkono: "Mzima kabisa!" Akaenda zake, mkewe anamsubiri. Nikabaki na ugali wa watu wawili mbele yangu.

Ndipo nikasikia nilichokisema.

Si mzima, Baba Bukuru. Chakula hakipiti. Upande wako wa kitanda siukanyagi. Naongea na kuku mpaka wao wamenichoka.

Fundo lako nimelitundika kwenye msumari wa mlangoni. Nilijaribu kulifungua, limenishinda. Likae hivyo hivyo.

Kesho Bukuru anapakia tena. Nakuahidi hivi: nikisikia mluzi nitateleka, kisha nitatoka nisimame katikati ya barabara na mwiko mkononi. Nitamwambia, "Zima gari, shuka. Mama yako si mzima. Njoo ule." Akileta ubishi nitampiga na huo mwiko mbele ya bodaboda zote za Gungu.

Salamu zimebaki chache, chukua zote. Mungu akupanulie kaburi lako. Ule ukoko wa chini ya sufuria uliokuwa ukiugombania, usiusubiri tena. Nampa mwanao.

Mimi, Mama Bukuru