Mtu Aliyekataa Mbegu

Jumanne, 12 Novemba 1974
Mwaka wa ishirini na sita tangu nitoke Kinyangiri. Hapa, katika kijiji kipya karibu na Mkiwa, mwezi wa tatu. Leo nimegawa mbegu ya mtama, kwa kuwa najua kuandika. Kila kaya imechukua, isipokuwa jirani yangu Ntandu. "Wape wenye kupanda," alisema. Balozi wa nyumba kumi akacheka: "Huyu anaigomea serikali." Nikaandika: amekataa. Neno hilo linanisumbua.

Jumatano, 13
Barua ya mdogo wangu. Kijiji kimeanzishwa palepale Kinyangiri, kiwanja changu kipo, nirudi kabla ya mvua. Nitapanda lori la Jumatatu. Nina furaha. Lakini situlii.

Alhamisi, 14
Ntandu anagawa vitu. Jembe, mbuzi wawili, blanketi. Mimi kanipa kigoda. "Kalia wewe. Mimi nimeshakaa vya kutosha." Balozi sasa anamsifu, eti ameuelewa Ujamaa kuliko sisi sote. Mimi sikuweza kusifu.

Jumamosi, 16
Mwaka niliotoka Kinyangiri, surua ilichukua wanangu wawili katika mwezi mmoja. Sikupanda. Chakula nilikitaka. Ila kila nilipofikiria mavuno, sikujiona nikiwepo. Waliniita mvivu. Hakuna aliyeniuliza. Nilihama kwetu ili nisijiue. Sijawahi kuliandika hili.

Jumapili, 17
Kutoka kanisani nimepitia kwa Ntandu. Niliogopa. Watu husema jambo hilo ukilitaja unaliita. Nimelitaja.
"Ndugu yangu, unafikiria kujiua?"
"Nani kakwambia?"
"Mimi mwenyewe niliwahi."
Akakaa chini. Tangu mgambo walipoivunja nyumba yake Agosti ili ahamie hapa, kaburi la mkewe limebaki kule peke yake. Anaona naye amekwisha. Sikumhubiria. Sikumwambia wengine wana shida zaidi. Nilisikiliza mpaka jua likageuka. Nikauliza, leo je? Leo si sana, alisema, kesho hajui. Nikaomba nimwandikie Zainabu, binti yake aliyeolewa Ikungi. Alikataa, kisha akakubali.
"Ila usitie maneno yenu ya kanisani. Atadhani nimebatizwa."
Tulicheka wote wawili.

Jumatatu, 18
Lori limepita saa mbili. Sikupanda. Nimeshinda naye. Mchana nilimwonea kinyongo kwa ajili ya lori, kisha nikaona haya. Kwa ruhusa yake nimemweleza balozi. Alidhani nitasema amerogwa. Nikasema ni uchungu. Jioni amekuja na ugali wake, tukala watatu. Alikaa tu. Ilitosha.

Jumanne, 3 Desemba
Mvua imeshika. Zainabu yuko kwa babake wiki ya pili sasa. Mganga wa zahanati anamwona Ntandu kila Ijumaa. Juzi baba na binti walikwenda mahame, kwenye kijiji chao cha zamani, wakapalilia kaburi. Ntandu hajapona. Ziko siku hataki kuamka, na siku hizo anatuma niitwe.
Siku nyingine yeye ndiye hupiga hodi kwangu asubuhi. Huuliza nimeamkaje, na husubiri jibu. Leo nilimjibu kweli: vibaya, nimewaota wanangu. Akauliza majina yao. Ni miaka mingi sijayatamka.
Nimemwandikia mdogo wangu kiwanja ampe mwingine. Sitarudi Kinyangiri.