Mama, Nilikuimbisha Kutwa Nzima

Mpendwa mama,

Nina aibu, na wa kumwambia ni wewe tu, kwa kuwa sauti iliyoniponza ni yako.

Unazikumbuka zile kanda za nyimbo zako za kioda, ngoma ya akina mama wa kwetu ziwani, ambazo baba alizitunza kwenye kopo la biskuti chini ya cherehani. Mwaka huu nilizichukua nikazihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaliwa na ukungu. Baba haoni vizuri tena, ana mtoto wa jicho pande zote mbili, na tangu uondoke nyumba ya Liuli imepoa mno. Nikasema nimtengenezee kitu. Nikapata kompyuta ndogo, ubao mmoja tu wenye ukubwa wa kipande cha sabuni. Ukiipa kadi ya kumbukumbu na spika, imetosha. Nikaiwekea na kile kidude cha intaneti cha kutumbukiza laini. Kilichobaki kilikuwa kuchagua programu ya kupigia muziki, na hizi programu huria za bure ziko nyingi mpaka mtu unachanganyikiwa.

Ningekuwa na akili ningemaliza jioni moja. Kulikuwa na moja isiyo na mbwembwe: unabonyeza kitufe, wimbo unapigwa, unaisha, kimya. Nikaidharau. Nyingine ilikuwa na picha za kupendeza kwenye skrini, karibu niichukue, ndipo nikakumbuka ninamtengenezea mtu asiyeona. Ya tatu ikanipata. Hiyo unaiendesha kwa simu popote ulipo. Mimi nagusa hapa Mbinga, wewe unaimba Liuli. Ofisini huniita mtaalamu kwa sababu nawakwamulia printa, basi nikawaonyesha na hili, wakashangaa, kichwa kikanivimba. Sababu yenyewe sikumwambia mtu. Niliichagua kwa kuwa ilinipa njia ya kuwa mtoto mwema bila kupanda gari.

Na ilifanya kazi, mama. Nikichemsha chai asubuhi nagusa simu, baba anapata wimbo wake. Wiki zikapita sijateremka ziwani, na wala sikuona kama nimekosa.

Nakukumbuka ulivyokuwa unaimbisha, ukiwa na sare nyeupe aliyokushonea baba mwenyewe. Yeye hakuwa mchezaji, alikuwa anasimama pembeni ameshika mkoba wako, na hata jua liwe kali namna gani hasogei. Siku moja pale Ngumbo nilichoropoka katikati ya wimbo kwenda kununua maandazi. Hukukatisha wimbo, ila jicho lako lilinifuata mpaka kwa muuzaji. Jioni uliniambia, "Mtu akikuimbia anakupa kitu. Usimwachie kitu chake mikononi." Kwenu ilikuwa sheria: mwimbishaji akianza, hakuna wa kuondoka uwanjani mpaka yeye mwenyewe akae. Baba aliishika sheria hiyo kuliko nyinyi wenyewe wacheza ngoma.

Sasa sikia nilichofanya. Niliitwa semina Songea. Asubuhi, nikiwa stendi hapa Mbinga, nikawasha nyimbo zako, na ili nisisumbuke tena kutwa hiyo nikagusa alama ya kurudia, ziishe zianze upya bila kikomo. Simu nikaitumbukiza kwenye mkoba. Siku hiyohiyo madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitali pale Liuli, na Mama Hilda, jirani yetu, alikuwa ameahidi kumshika baba mkono ampeleke. Mimi niliambiwa wiki nzima kabla. Nikasahau.

Semina ilipoisha nikaikuta simu imejaa miito ya Mama Hilda. Nilipompigia hakungoja hata nimsalimie.

"Baba yako hajatoka wala hajala," akasema. "Kila nikimwambia twende, madaktari watafunga, ananijibu mama hajamaliza."

Alikuwa amejaribu kuchomoa waya, baba akamshika mkono, akamwambia hajawahi kukunyamazisha ulipokuwa hai na hataanza leo. Nikazima nyimbo nikiwa nimesimama palepale mlangoni pa ukumbi. Madaktari walishaondoka.

Ninachokionea haya zaidi ni nilichofikiria baada ya hapo. Nilisema mzee amechanganyikiwa, hajui tena mashine ni ipi na mtu ni yupi. Nikawasimulia hata wenzangu ofisini, kwa huruma ya kujidai. Jumamosi nikateremka Liuli. Mama Hilda alikuwa ametupikia ugali na dagaa wa usipa, tukala, kisha nikaifuta ile programu yangu ya kifahari nikaweka ile niliyoidharau, na kitufe kikubwa ambacho baba anaweza kukipapasa. Nikamweleza polepole kama mtoto wa chekechea: huyu si mama, baba, hii ni kompyuta, wimbo ukiisha umeisha, unaruhusiwa kuinuka.

Aliniacha nikamaliza. Unamjua, hamkatizi mtu.

"Mama yako tulimzika, najua," akasema. "Na kompyuta najua ni kompyuta. Lakini anayeiwasha ni wewe. Siku ile nilisema, leo mwanangu amenikumbuka kutwa nzima. Ningeinukaje?"

Mama, kutwa ile sikumkumbuka hata kidogo. Nilikula wali wa semina, nikasinzia kwenye kiti cha nyuma, nikacheka na watu. Yeye amekaa na njaa yake ananisikiliza, na mimi sipo.

Nimeomba ruhusa kazini, wiki ijayo nampeleka mwenyewe Songea akatazamwe macho. Watu wananisifu kwa hilo, na sistahili. Maana kuna neno moja sijamwambia mtu. Nilipokuwa naaga, baba alinishika kiganja, akauliza kama na mimi siku ile nilikuwa nasikiliza huko nilikokuwa.

Nikamwambia ndiyo, baba, tulikuwa pamoja mpaka mwisho. Akafurahi sana.

Ulale salama, mama, na kama huko unaweza kumwombea mtu, niombee mimi ujasiri wa kumwambia.

Ni mimi binti yako,
kitinda mimba wako wa Mbinga.